Shaka ya Gramu Thelathini

Nusaiba binti Jumbe alirudi Msambweni baada ya kukaa Ulaya miaka tisa. Baba yake alikuwa ameanguka uani siku ya Ijumaa, akitia udhu, na alipoinuliwa upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "haya".

Mzee Jumbe alikuwa baharia. Alizizunguka bandari za watu kwa miaka thelathini, akajua Kiarabu, Kihindi na Kireno cha kugombania bei, na nyumbani alikuwa mtu wa visa, hata marehemu mkewe akawa anamwomba anyamaze wali usipoe. Sasa ukimpa uji alisema haya. Ukimwuliza kama mgongo unamuuma alisema haya. Alipoletewa habari kwamba dada yake wa Jego amefariki, alisema haya, na machozi yakamdondokea kwenye fulana. Nusaiba alijifunza kuzipambanua kwa sauti: ya kukubali ilikuwa fupi, ya kukataa ilivutwa. Ilikuwako na ya tatu, nyembamba, ambayo hakuwahi kuijua maana yake.

Kaka yake, Sefu, alikuwa Maskati, akituma salamu na dawa. Nyumba ya vyumba vinne ikabaki na watu wawili, mmoja hawezi kusema, wa pili hana wa kusema naye.

Kazi yake alikuja nayo. Chuo alichosomea kilimkubalia aendelee na utafiti akiwa mbali, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Majirani waliposikia kwamba anasoma nyota walitazamia kumwona akikesha uani na darubini. Hakukesha. Nyota zake zilikuwa ndani ya kompyuta, mamilioni, zimepimwa na chombo kilichorushwa angani, kila moja na mahali pake na mwendo wake. Alizishughulikia asubuhi, baba akishaogeshwa, dirisha likiwa wazi na kuku wakipekua chini yake.

Aliyemsaidia kumnyanyua mzee alikuwa jirani yao, Bi Twaiba, mjane aliyeuza mahamri na mbaazi. Siku moja walipomaliza kumvisha, Bi Twaiba hakuondoka. Alikaa kitako, akaifunga leso yake vizuri.

"Mwanangu, binti yangu ameletewa posa. Nitazamie nyota yake na ya huyo bwana, kama zinaoana."

"Bi Twaiba, mimi sitazamii. Sijui hata kuanza."

"Si wasema unasoma falaki?"

"Nasoma. Lakini bahati za watu simo. Natafuta uzito wa kitu kisichoonekana."

"Jini?"

"Si jini." Nusaiba alicheka, kisha akaona kwamba tangu arudi hakuna aliyemwuliza anatafuta nini, akajaribu kueleza. "Nyota zinavutwa na kitu. Tukijumlisha uzito wa vyote tunavyoviona, haitoshi kuzivuta namna ile. Kwa hivyo kuna kingine, kimeenea kila mahali, hata hapa ukumbini. Kinapita ndani yetu na hatukihisi. Mimi napima ni kiasi gani."

"Na ni kiasi gani?"

"Kidogo mno. Ukichukua nafasi yenye ukubwa wa dunia yote hii, pamoja na bahari zake, ndani yake kimo kiasi cha robo tatu kilo."

"Robo tatu kilo. Na ndiyo miaka tisa."

"Ndiyo."

"Basi mkishaipata mtuite tuione," alisema Bi Twaiba, akacheka mpaka akajifuta macho. Baada ya siku mbili alikwenda kwa mtu mmoja huko Ramisi, akapewa jibu la posa papo hapo.

Aliyezungumza naye kazi yake alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa mbali. Swabir alikuwa kijana wa Vanga, mdogo wake kwa miaka mitano. Walikutana huko huko chuoni, siku Nusaiba alipopita kwenye ujia akamsikia mtu anaitukana mashine ya kuchapia kwa Kiswahili cha pwani ya kusini kabisa. Alisimama pale mlangoni akacheka hadi akashika ukuta. Tangu siku ile wakafanya kazi pamoja, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwapa maneno ya kazi yao kwa lugha yao, walijitungia. Lile kadirio linaloandikwa baada ya kila jibu, ya kuonyesha jibu laweza kuwa limekosea kwa kiasi gani, waliliita shaka. Swabir alitaka liitwe wasiwasi. Walibishana juma zima. Nusaiba akamshinda kwa kusema kwamba wasiwasi ni wa mtu, bali shaka yaweza kuwa ya jambo lenyewe.

Miaka miwili kabla ya mzee kuanguka walichapisha makala yao. Walichukua nyota zilizo jirani na Jua, ambazo hupanda juu ya bapa la galaksi yetu, ile sahani kubwa ya nyota lilimo Jua, zikavutwa, zikashuka hadi chini yake, zikavutwa tena. Ukijua zinapita kwa kasi gani na zinafika umbali gani kabla ya kurudi, unaweza kukokotoa uzito wote unaozivuta. Ondoa nyota, ondoa gesi na vumbi. Kinachobaki ndicho kile kisichoonekana. Wao walipata, kwa nafasi ya ukubwa wa dunia, gramu mia saba na sabini. Waliowatangulia walikuwa na shaka ya gramu mia, hata mia mbili. Shaka ya Nusaiba na Swabir ilikuwa gramu thelathini. Makala ilisomwa sana. Watu wanaokitafuta kitu hicho kwa mitambo iliyofukiwa migodini waliichukua ile namba wakaitia kwenye hesabu zao.

Na kila Alhamisi baada ya alasiri Swabir alipiga simu. Waliongea saa nzima, wakati mwingine saa mbili, kuhusu nyota, kuhusu wali wa nazi ambao Swabir hakuweza kuupika ukamtokea vizuri, kuhusu mama yake aliyebaki peke yake Vanga. Siku nyingine zote Nusaiba aliongea na baba yake, na baba yake akajibu haya.

Mwezi wa Januari mtandao ulikatika siku nne, Ukunda hadi mpakani. Nusaiba hakuweza kupokea wala kupeleka kitu, akabaki na mafaili ya zamani yaliyokuwamo kwenye mashine. Kwa kukosa la kufanya alizichukua zile nyota za makala, akazigawa mafungu mawili: zilizo juu ya bapa la galaksi na zilizo chini yake. Katika makala walikuwa wamezipima zote kwa pamoja. Akaikokotoa hesabu kwa kila fungu peke yake.

Nyota za juu zilimpa gramu mia sita na kumi. Nyota za chini zilimpa mia tisa na arubaini.

Alidhani amekosea kuandika. Akaandika upya. Alibadilisha namna ya kuzichagua nyota, akatoa zilizo mbali, akazirudisha. Siku kumi na moja alifanya hivyo, uji wa mzee ukapoa mara mbili, na kila mara namba zilitoka palepale au karibu yake. Kitu kilikuwa kimoja na jibu lilipaswa kuwa moja. Kumbe gramu mia saba na sabini zilikuwa katikati tu ya majibu mawili yaliyokataana, na ile shaka ya gramu thelathini haikuwa na maana yoyote.

Sababu aliijua, na hilo ndilo lililomuumiza. Galaksi ndogo imepita karibu na yetu zamani mno, ikaitikisa, na mtikisiko haujaisha. Nyota bado zinayumba juu na chini. Wataalamu wote walikuwa na habari hiyo. Katika makala yao ilikuwamo sentensi moja iliyosema kwamba wao wanachukulia kuwa nyota zimekwisha kutulia. Sentensi hiyo aliiandika Nusaiba mwenyewe, jioni moja, akiwa na haraka ya kwenda kula.

Alhamisi ilipofika alimweleza Swabir yote.

"Umehakikisha?" aliuliza Swabir.

"Siku kumi na moja."

"Labda ni vumbi. Vumbi la upande mmoja limeficha nyota."

"Nimelipima vumbi. Swabir, wewe ni mtoto wa Vanga. Umeshika mshipi, samaki amenasa, unataka kujua uzito wake kwa namna mshipi unavyovuta. Lakini ngalawa yenyewe inasukwasukwa. Utajuaje kipi ni samaki na kipi ni mawimbi? Sisi tulisema bahari shwari. Haikuwa shwari."

"Najua," alisema Swabir polepole. "Najua, Nusa. Lakini mimi nina usaili mwezi wa Mei."

Ilikuwa nafasi ya kudumu, ya ualimu wa chuo, ambayo hupatikana mara moja kwa miaka mingi. Makala ile ndiyo iliyomfikisha mlangoni. Alimwomba angoje. Hakumwomba afiche, alisema, angoje tu hadi Juni, kisha waandike sahihisho pamoja, kwa utulivu, na yeye mwenyewe atalitetea.

"Galaksi imetikisika miaka milioni ngapi," alisema. "Miezi mitano itaidhuru nini?"

Nusaiba alimwambia, "Sawa. Nitangoja hadi Juni."

Alingoja Februari, akangoja Machi. Simu za Alhamisi ziliendelea, lakini zikafupika. Lilikuwapo jambo moja la kusemwa na hawakulisema, na mengine yote yakawa yanalizunguka. Nusaiba alijikuta akitazama saa Swabir akiongea. Akishakata simu alikwenda ukumbini akakaa karibu na kiti cha baba yake, wakatazama barabara, watoto wa madrasa wakipita na juzuu zao.

Katikati ya Aprili alipata barua pepe kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa kike wa Chile, ambaye hakuwa akimjua. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha na adabu yake ilikuwa nyingi. Alisema anaandika tasnifu. Alikuwa ametumia nyota zinazoonekana vizuri kutoka kusini, akapata gramu mia tisa na ishirini. "Nimerudia hesabu mara kumi na nne. Msimamizi wangu anasema nimekosea, kwa sababu makala yenu ina shaka ndogo sana. Huu ni mwaka wangu wa pili nikilitafuta kosa langu. Tafadhali, naomba mnionyeshe nilipokosea, hata kwa sentensi moja, kwani hapa sina wa kumwuliza."

Nusaiba aliisoma barua hiyo mara tatu. Kisha alikwenda ukumbini akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akaishika ile mikono, mmoja hai na mmoja mzito.

"Baba, nimempa mtu ahadi. Na nikiitimiza, mwingine ataendelea kuumia kwa kosa langu, naye hana habari. Nifanye nini?"

Mzee Jumbe alimtazama. Midomo ilihangaika, shingo ikakaza, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua.

"Haya," alisema, na ilikuwa ile ya tatu.

Nusaiba alingoja kama kutakuwa na zaidi. Hapakuwa na zaidi. Alimfuta kidevu, akarudi chumbani, akampigia Swabir, siku ambayo haikuwa Alhamisi.

"Kuna nini? Mzee?"

"Mzee hajambo." Akamsomea ile barua.

Swabir alisikiliza hadi mwisho. "Mjibu," alisema. "Mwambie faraghani kwamba yuko sawa."

"Faraghani itamsaidia nini? Msimamizi wake atauliza, yuko wapi aliyelikubali kosa hilo? Anahitaji iwe imeandikwa."

"Bado majuma matano tu nisailiwe, Nusa. Umenipa ahadi."

"Nilikupa. Sikatai."

"Basi?"

"Basi naivunja. Nakuambia wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, ili usije ukalisikia kwa watu."

Swabir akasema maneno ambayo Nusaiba aliyasikia tena mara nyingi baadaye, akiosha vyombo, akikunja shuka.

"Wewe una nyumba. Una baba, una pa kurudi. Mimi huku nina makala hii tu."

Angeweza kumjibu. Angeweza kumwambia nyumba hii ina nini ndani yake, na siku ina saa ngapi. Alisema tu, "Nisamehe, Swabir," naye Swabir akasema ana kazi, akakata.

Aliandika sahihisho kwa siku sita, kurasa nne. Aliandika kwamba nyota hazikutulia, na kwamba sentensi iliyosema zimetulia haikuwa na ushahidi. Akaweka majibu yote mawili, la juu na la chini. Namba ya katikati ilibaki mia saba na sabini, na shaka ikawa gramu mia moja na sabini. Alimpelekea Swabir aisome, akamwandikia kwamba akitaka jina lake liondolewe ataliondoa, lawama zote zibaki kwake yeye Nusaiba. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, bila salamu: "Hesabu ni sahihi. Jina langu libaki."

Kwa mwanafunzi wa Chile aliandika barua ndefu zaidi ya sahihisho lenyewe. Mwanzoni kabisa aliandika: "Hukukosea. Tuliokosea ni sisi."

Usaili wa Swabir ulifanyika mwezi wa Mei na nafasi ikapewa mtu mwingine. Kama ni kwa sababu ya sahihisho au la, hakuna aliyesema, na Nusaiba hakuwa na njia ya kujua. Alisikia kwa mkuu wa kikundi chao kwamba Swabir ameacha utafiti, amepata kazi kwenye kampuni inayokokotoa ucheleweshaji wa ndege. Mkuu mwenyewe aliandika kwa upole kwamba sahihisho limeandikwa kwa uadilifu. Hakutaja mkataba wa mwaka unaofuata.

Sahihisho lilitoka mwisho wa Julai. Nusaiba alilitazama kwenye kompyuta asubuhi, akainuka kwenda kumwogesha baba yake. Hakuna aliyepiga simu. Juma lililofuata msichana wa Chile aliandika kwamba msimamizi wake ameikubali sura ya tatu, na kwamba alilia kwenye choo cha maktaba. Aliambatisha michoro yake. Ilikuwa michoro mizuri, na Nusaiba aliikagua mstari kwa mstari, akamrudishia ikiwa na maswali ishirini.

Alhamisi, baada ya alasiri, alianza kufua.

Mwezi wa Agosti Bi Twaiba alileta habari kutoka kwa jamaa zake wa Vanga kwamba Bi Mwanafatuma, mama yake Swabir, amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nusaiba hakulala vizuri siku mbili. Ya tatu alimwomba Bi Twaiba ashinde na mzee, akachukua kilo mbili za sukari na kanga moja mpya, akaenda kumjulia hali. Alifika Vanga saa tano, buibui limekuwa rangi ya vumbi.

Hakujua mama yule ameambiwa nini. Alisimama mlangoni akapiga hodi kwa sauti ndogo.

"Karibu, nani huyo? Jicho langu moja bado limefungwa."

"Shikamoo mama. Ni Nusaiba, wa Msambweni."

"Marahaba! Nusaiba wa Swabir! Pita, mwanangu, pita ndani, mbona wasimama kama mgeni?"

Alikalishwa kwenye mkeka, akaletewa maji, kisha wali na samaki wa kupaka, ingawa mama mwenyewe alitembea kwa kupapasa ukuta. Nusaiba alitaka kuinuka amsaidie, akakatazwa. Bi Mwanafatuma alimwuliza hali ya baba, ya kaka, ya mvua za Msambweni.

"Mwanangu, zamani Swabir akipiga simu hamalizi bila kukutaja. Nusa kasema hivi, Nusa kasema vile. Siku hizi hakutaji. Mmegombana?"

"Hatukugombana, mama. Mimi nilimvunjia ahadi."

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Na ulikuwa na haki?"

Nusaiba alikitazama kile chakula. "Nadhani nilikuwa nayo," alisema. "Lakini siwezi kuapa."

Bi Mwanafatuma alipapasa chini ya mto, akatoa simu, akaisogeza karibu na jicho lililo zima, na kabla Nusaiba hajaelewa anachofanya simu ilikuwa inaita kwa sauti ya juu chumba kizima.

"Assalamu alaikum, mama," alisema Swabir. "Jicho linaendeleaje?"

"Jicho hamdulillahi. Nina mgeni hapa. Msalimie."

"Nani?"

Mama alimnyooshea Nusaiba ile simu. Nusaiba aliipokea kwa mikono miwili.

"Ni mimi, Swabir."

Palikuwa na sauti za ofisi nyuma yake, watu wanacheka, kiti kinaburutwa.

"Shikamoo, dada," alisema Swabir.

Hakuwahi kumwamkia hivyo hata siku moja. Lilikuwa neno la heshima, halina ubaya, na Nusaiba alilijibu kama inavyojibiwa.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Kazi mpya je?"

"Nzuri. Nashukuru. Umefanya vyema kuja kumwona mama."

"Ni wajibu."

"Basi msalimie mzee."

"Zimefika," alisema Nusaiba, naye akamrudishia mama simu yake.

Waliongea wenyewe muda kidogo, mama na mwana, kuhusu matone ya dawa na nani atakayemsomea maandishi ya kwenye chupa. Nusaiba alimaliza wali wake wote, kwa kuwa kuacha kungekuwa aibu. Wakati wa kuaga Bi Mwanafatuma alimfungia papa mkavu ndani ya gazeti na nazi sita ndani ya kikapu, akamshika bega, akamwambia aje tena, asingoje mtu augue.

Alifika Msambweni alasiri imekwisha. Bi Twaiba alikuwa ukumbini anamlisha mzee ndizi iliyopondwa, akamwuliza habari za huko.

"Njema," alisema Nusaiba. "Jicho linapona."

Alivua buibui, akalikung'uta uani, akaziweka nazi jikoni. Kisha alimloweka papa kwenye maji atoke chumvi, akakaa kwenye kibao cha mbuzi akaanza kukuna nazi ya chakula cha usiku.